Sindano ya mifupa kwa mgonjwa wa figo isitolewe bila ratiba ya kupima kalsiamu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuzungumzie sindano ya denosumabu, ile inayochomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6 kwa watu ambao mifupa yao imekuwa dhaifu. Kwa mwenye figo mbovu dawa hii inaweza kuangusha kalsiamu ya damu mpaka moyo ukavurugika, na ombi letu ni moja. Mgonjwa wa figo aliyefikia hatua ya 4 au ya 5, na hasa anayesafishwa damu kwa mashine, asichomwe sindano hii mpaka tarehe za kumpima kalsiamu baada ya sindano ziwe zimeandikwa, na ijulikane ni nani atakayesoma majibu. Ratiba hiyo ikishindikana, sindano isubiri. Mfupa uliopungua kwa miaka kumi hauharibikiwi na mwezi mmoja wa kujiandaa.

Sifa iliyoifanya dawa hii ipendwe kwa wenye figo ndiyo hiyohiyo iliyowaponza. Dawa nyingine za mifupa, kama alendroneti ya 70 mg inayomezwa kila wiki na asidi ya zoledroniki inayotolewa kwa dripu, hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo figo zikichoka dawa hizo huzuiwa au hupunguzwa. Denosumabu haitegemei figo kutoka. Ni kingamwili, protini kubwa, na dozi yake ni 60 mg ileile kwa mwenye figo nzima na kwa asiyepata hata tone la mkojo. Basi ikaenea kauli kwamba "hii haina shida na figo". Kauli hiyo inahusu namna dawa inavyotoka mwilini tu. Kuhusu kalsiamu ya damu haituambii kitu.

Figo nzima hukamilisha utengenezaji wa vitamini D na kutoa fosfeti iliyozidi. Zikifa, vitamini D inabaki nusu kazi, utumbo unashindwa kunyonya kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula, na fosfeti inajaa. Mwili unajibu kwa kupandisha homoni ya parathiroidi, ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa PTH. Kazi yake hapo ni kuamuru seli zinazomeng'enya mfupa zitoe kalsiamu na kuiingiza kwenye damu. Kwa miaka mingi mgonjwa huyo anaishi kwa kukopa kwenye mifupa yake, na karatasi ya maabara inaweza kuonyesha kalsiamu nzuri kabisa. Denosumabu inazifungia kazi seli hizo ndani ya siku chache. Seli zinazojenga mfupa hazisimami siku hiyohiyo. Zinaendelea kuvuta kalsiamu kutoka kwenye damu, wakati huku mkopo umekatwa na utumbo hauleti kitu. Ndiyo maana mtu mwenye PTH ya juu sana, ambaye mifupa yake inajengwa na kubomolewa kwa kasi, huporomoka kalsiamu zaidi kuliko wengine.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari ya kwanza juu ya jambo hili Novemba 2022, na tarehe 19 Januari 2024 ikaiwekea dawa onyo la kiwango cha juu kabisa, lile linalozungushiwa kisanduku mwanzoni mwa maelezo ya dawa. Utafiti uliofuatana na uamuzi huo uliwaangalia wanawake zaidi ya 2,800 wa miaka 65 na kuendelea waliokuwa wakisafishwa damu. Ndani ya wiki 12 tangu waanze dawa, asilimia 41 ya waliochomwa denosumabu walipata upungufu mkali wa kalsiamu, yaani chini ya 1.88 mmol/L, au wakafikishwa hospitali kwa sababu hiyo. Kwa waliomeza dawa za kundi la alendroneti ilikuwa asilimia 2. Tofauti ya namna hiyo si ya kubishania.

FDA pia ilieleza wakati wa hatari: kati ya wiki ya 2 na ya 10 baada ya sindano, kilele kikiwa wiki ya 2 hadi ya 5. Mgonjwa huchomwa kliniki ya mifupa au ya saratani, anaambiwa arudi baada ya miezi 6, kisha anaendelea na ratiba yake ya kusafishwa damu katika jengo lingine, pengine mji mwingine. Wanaomwona mara mbili au tatu kwa wiki hawajui kwamba amechomwa. Wanaojua hawatamwona mpaka hatari imepita. Wanaorejea kutoka matibabu nje ya nchi wako katika hali hiyohiyo: muhtasari wa hospitali unataja sindano kwenye ukurasa wa mwisho, kwa jina la kibiashara ambalo muuguzi wa hapa hajawahi kulisikia. Siku hizi dawa hii inatengenezwa na kampuni kadhaa na kila moja ina jina lake, hivyo kinachopaswa kutafutwa kwenye kasha ni neno denosumab na kiasi chake, 60 mg au 120 mg.

Kiasi hicho cha 120 mg kinastahili kutazamwa peke yake. Hiyo ni dozi ya saratani iliyofika kwenye mifupa, na hutolewa kila baada ya wiki 4. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume anaweza kuwa na mabaya mawili kwa pamoja: uvimbe unaobana mirija ya mkojo mpaka figo zinafeli, na saratani iliyo mifupani ambayo, tofauti na nyingine nyingi, hujenga mfupa mpya ovyo na kufyonza kalsiamu nyingi. Ukimchoma huyo 120 mg bila maandalizi, kalsiamu inavutwa na pande zote mbili. Kwake kreatinini (uchafu wa damu unaopimwa kujua kazi ya figo), kalsiamu na vitamini D vipimwe kabla ya dozi ya kwanza, na kalsiamu irudiwe kabla ya kila dozi inayofuata.

Hapa kwetu kuna kosa la kawaida la kuangalia kreatinini tupu na kusema figo ni nzima. Chukua mama wa miaka 74, kilo 50, kreatinini 1.4 mg/dL, sawa na 124 µmol/L. Namba hiyo haimshtui mtu. Fanya hesabu: 140 toa umri ni 66, zidisha kwa kilo 50 unapata 3,300, gawanya kwa 72 mara 1.4, inakuja 32.7; kwa kuwa ni mwanamke zidisha kwa 0.85, inabaki kama 28 ml kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya figo zake kuchuja damu. Asidi ya zoledroniki ya 5 mg kwa mwaka hairuhusiwi chini ya 35, na alendroneti haishauriwi chini ya hapo. Mama huyu ndiye anayehamishiwa denosumabu, na ndiye huyohuyo ambaye yuko chini ya 30, mpaka ambao onyo la 2024 linaanzia. Kumtoa dawa moja na kumtia nyingine bila kuuliza hali ya kalsiamu ni kumhamisha kutoka hatari ya figo kwenda hatari ya moyo. Tukiwa hapo: asidi ya zoledroniki nayo hushusha kalsiamu, na ikitiririshwa kwa chini ya dakika 15 inaweza kuzijeruhi figo ambazo zilikuwa zinajitahidi.

Kabla ya sindano vipimwe kalsiamu, albumini, fosfeti, magnesiamu, vitamini D ya akiba, ambayo maabara huiandika 25-OH, na PTH. Mahali ambapo PTH haipatikani au bei yake ni kubwa, kipimo cha alkalini fosfatezi kinasaidia kidogo: kikiwa juu na ini likiwa zima, mifupa inabadilishwa kwa kasi na anguko litakuwa kubwa. PTH ikiwa chini sana kwa mtu anayesafishwa damu, maana yake mifupa imelala, na dawa ya kuilaza zaidi haina kazi hapo. Kipimo cha wingi wa mifupa cha DXA hakiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Huonyesha tu kwamba mfupa umepungua, hakisemi kwa nini. Kwa sababu hiyo uamuzi ni wa daktari wa figo, hata kama picha imesomwa na daktari wa mifupa.

Kalsiamu isomwe pamoja na albumini, kwa kuwa karibu nusu ya kalsiamu ya damu imebebwa na protini hiyo. Kwa kila gramu 1 kwa lita ambayo albumini iko chini ya 40, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu ya mmol/L. Mwenye kalsiamu 1.95 na albumini 28 ana 1.95 jumlisha 0.24, yaani 2.19, ambayo iko ndani ya kawaida ya takriban 2.1 hadi 2.6. Mwenye 1.95 na albumini 40 ana upungufu wa kweli. Kama hospitali ina mashine ya kupima gesi za damu, kalsiamu huru inayotoka pale ni bora kuliko hesabu hii. Maabara nyingine hutoa majibu kwa mg/dL. Gawanya kwa 4 upate mmol/L. Tumetaja hilo kwa sababu 7.6 ya maabara moja na 1.9 ya nyingine ni kitu kilekile, na mgonjwa anayebadilisha maabara huonekana kama amepanda au ameshuka.

Damu ya kipimo itolewe mwanzoni, kabla mashine haijaanza kuzungusha. Ikitolewa mwishoni inaonyesha maji ya mashine kuliko hali ya mgonjwa. Iwekwe kwenye chupa yenye kizibo chekundu au cha njano, na isianzie kwenye ya zambarau. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye chupa ya zambarau hushika kalsiamu na imejaa potasiamu, kwa hiyo tone lake likihamia kwenye chupa nyingine majibu yanakuja na kalsiamu ya kutisha chini na potasiamu ya kutisha juu. Ukiona mawili hayo kwa pamoja kwa mtu aliyekaa anapiga soga, rudia kipimo haraka kwa chupa safi kabla hujaamua lolote, huku umeme wa moyo ukiangaliwa.

Vitamini D ya akiba ikiwa chini ya 20 ng/mL, sawa na 50 nmol/L, ijazwe kwanza. Wengi hupendelea ifike 30. Kalsiamu iliyorekebishwa iwe ndani ya kawaida siku ya sindano. Baada ya hapo, maelezo ya dawa yenyewe yanataka kalsiamu ipimwe kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Kwa anayesafishwa damu hilo halihitaji hata kuchomwa tena: damu inachukuliwa kwenye mrija anapounganishwa. Gharama ni ya kipimo kimoja cha bei ndogo, mara nne.

Wakati huo daktari wa figo huwa na mambo matatu ya kurekebisha. La kwanza ni vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokamilishwa, kalsitrioli au alfakalsidoli, kwa kuwa figo haziwezi kuikamilisha ile ya kawaida. Kuota jua hakutoshi kwa sababu hiyohiyo. La pili ni sinakalseti, dawa ya kushusha PTH; nayo hushusha kalsiamu, hivyo isiachwe ikaendelea kimyakimya. La tatu ni maji ya mashine. Kalsiamu imo kwenye dumu la asidi linalotumika kutengeneza maji hayo, na huja kwa viwango kama 1.25, 1.5 na 1.75 mmol/L. Kituo kinachotumia 1.25 kwa wote kinapaswa kuagiza mapema madumu ya kiwango cha juu kwa ajili ya mashine ya mgonjwa huyo. Yakiagizwa siku kalsiamu imeshaanguka, yatafika amelazwa.

Dalili huanza kwa ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli kubana na vidole vya mikono kukakamaa vikiwa vimeelekea kiganjani. Kwenye mashine hujitokeza zaidi saa za mwisho, maana damu inapopunguzwa asidi albumini hushika kalsiamu nyingi zaidi, na ile huru inapungua. Hapa ndipo watu hukosea. Misuli kubana mwishoni mwa kusafishwa damu ni jambo la kila siku, na jibu la mazoea ni kurudisha maji kidogo na kupunguza kasi ya kuvuta. Kwa aliyechomwa denosumabu ndani ya wiki 10 zilizopita, misuli ikibana, presha ikishuka bila sababu au midomo ikifa ganzi, chukua damu ya kalsiamu palepale na piga kipimo cha umeme wa moyo. Kinachotafutwa ni kurefuka kwa QT, kipande cha mchoro wa kipimo hicho, na ikirefuka moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya vurugu na kusimama. Dawa nyingine zinazorefusha QT, kama azithromaisini na haloperidoli, zisiongezwe wakati huo bila kufikiri. Kuna kipimo cha kitandani pia: kifunga cha mashine ya presha kijazwe kupita presha ya juu ya mgonjwa kwa dakika 3, uone kama mkono utakakamaa. Kisifanywe kabisa kwenye mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu.

Degedege, koo kubana, au QT kurefuka ni dharura. Hutolewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ml 10 hadi 20, ndani ya ml 50 hadi 100 za dekstrosi ya asilimia 5, kwa dakika 10, moyo ukiangaliwa kwenye skrini. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, aangaliwe kwa makini zaidi. Isipitishwe kwenye mrija mmoja na bikaboneti wala seftriaksoni, kwani hugandamana. Ampuli ya ml 10 ina takriban mg 93 tu za kalsiamu yenyewe, na nguvu yake huisha baada ya saa chache, wakati denosumabu itakuwepo kwa miezi. Mashine ya kusafisha damu haiiondoi, na hakuna dawa ya kuifuta. Kwa hiyo mgonjwa hupelekwa wodini kwa dripu ya kalsiamu au kusafishwa damu kwa maji ya kalsiamu ya juu, na hupimwa tena na tena. Magnesiamu ikiwa chini irekebishwe, la sivyo kalsiamu haitatulia. Watumiaji wa muda mrefu wa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wamo katika kundi hili la magnesiamu ya chini.

Kuhusu vidonge, wagonjwa wengi wanavimeza kwa wakati usiofaa. Kalsiamu kaboneti ya 1,250 mg ina 500 mg za kalsiamu. Ikimezwa na chakula hushika fosfeti tumboni na kutoka nayo. Hiyo ni kazi nzuri, lakini ni nyingine. Ikikusudiwa kupandisha kalsiamu ya damu, humezwa katikati ya milo au wakati wa kulala. Isikutane na vidonge vya madini ya chuma, siprofloksasini au dawa ya tezi ya shingo. Wanaotumia dawa za VVU zenye dolutegraviri, ambao ni wengi katika nchi zetu, wazingatie hili: tumbo likiwa tupu dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au vyote viwili vimezwe pamoja na chakula. Vinginevyo kalsiamu huizuia dawa ya virusi isinyonywe. Rifampisini ya kifua kikuu na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini nazo humaliza vitamini D mwilini, na daktari aambiwe.

Ushauri wa jirani wa kunywa maziwa mengi, kula dagaa na supu ya mifupa unatoka kwenye nia njema, lakini kwa mgonjwa huyu maziwa na dagaa huleta fosfeti pamoja na kalsiamu, na supu ya mifupa ina kalsiamu kidogo mno. Hakuna sufuria itakayofidia pengo hili.

Upande wa pili wa mzani nao upo. Dozi za kalsiamu na kalsitrioli zilizopandishwa wiki ya 3 zisibaki hivyo hadi mwezi wa 6. Mfupa ukishatulia na nguvu ya sindano ikianza kupungua, kalsiamu hupanda. Mgonjwa anachoka, anafunga choo, anachanganyikiwa, na kalsiamu iliyokutana na fosfeti nyingi hutua kwenye mishipa ya damu. Ndiyo maana kipimo cha kila mwezi hakiachwi.

Wala mgonjwa aliyekwisha kuanza asikimbie sindano ya pili baada ya kusoma barua hii. Athari ya dawa ikiisha, seli za kumeng'enya mfupa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na pingili kadhaa za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika kwa mfululizo. Dozi isipite miezi 7 tangu iliyotangulia bila mpango wa dawa ya kuipokea. Kwa mwenye figo mbovu dawa za kuipokea ni chache, kwa hiyo swali la "tutatokaje?" liulizwe kabla ya sindano ya kwanza.

Tunapendekeza kila kituo cha kusafisha damu kiongeze mstari mmoja kwenye kadi ya mgonjwa: sindano ya mifupa, jina, kiasi, tarehe, na tarehe nne za kalsiamu zinazofuata. Kliniki ya mifupa na ya saratani zimpe mgonjwa karatasi yenye taarifa hizo aipeleke mwenyewe, hata kama barua rasmi itafuata. Mgonjwa akipata upungufu wa kalsiamu baada ya sindano, ijazwe fomu ya njano ya madhara ya dawa ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, au kwa wenzetu wa Kenya ipelekwe taarifa kwenye Bodi ya Famasia na Sumu, na ndani yake iandikwe hatua ya ugonjwa wa figo, kalsiamu ya kabla na ya baada, na ni siku ya ngapi tangu achomwe.

Wafamasia na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu,
Dar es Salaam